Mpenzi Akiungua, Usihamie Sebuleni

Mwezi huu tuweke pembeni kidogo habari za nyumba ndogo na meseji za usiku wa manane. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu nilipokwenda kumjulia hali shoga yangu, aliyemwagikiwa mafuta ya kukaangia maandazi begani na mkononi.

Nilimkuta amejifunika khanga mpaka shingoni. Mumewe kahamia kwenye kochi sebuleni, eti asije akamgonga usiku. Shoga akaninong'oneza: "Muongo. Anakimbia harufu."

Nilipombana shemeji barazani, akanitolea mfuko wa nailoni wenye antibayotiki za aina mbili, kanunua mwenyewe duka la dawa bila cheti cha daktari. "Sasa shemeji, ningefanyaje? Nilitaka apone haraka." Mapenzi anayo yule kaka, sibishi. Ila siku ya nne ile mkewe alikuwa anaharisha, hata uji hautulii tumboni.

Sasa tuelewane. Juu ya ngozi yako wanaishi bakteria wengi, na wengi wao ni majirani wema. Wanachukua nafasi na chakula, wabaya wanakosa pa kukaa. Wataalamu huliita kundi hilo zima maikrobiomu. Moto ukipita, ngozi inakufa na majirani wanakufa nayo. Panabaki kama shamba lililochomwa, anayewahi ndiye anayeota. Katika siku mbili za kwanza wanaopanda juu ni wale waliojificha chini kwenye mashina ya vinyweleo na tezi za jasho, hasa stafilokokasi. Baada ya siku tano hadi saba wanaweza kuingia wakorofi zaidi, mmojawapo anaitwa Pseudomonas. Huyu anatoka kwenye maji, kwenye mikono ya wahudumu, hata kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Akishika kidonda, mara nyingi utaona majimaji ya kijani na utasikia harufu yenye utamu fulani hivi.

Kwa hiyo kaka, harufu ile siyo uchafu wa mkeo. Kidonda kikiendelea kunuka hata baada ya kusafishwa, kikibadilika rangi, au mgonjwa akipata homa, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Na tumbo je? Mtu akiungua sehemu kubwa ya mwili, damu inakimbilia kwenye viungo kama moyo na ubongo, utumbo unapata kidogo. Ukuta wake unalegea. Bakteria wanaosaga nyuzinyuzi za chakula na kuulisha ukuta huo wanapungua, wakati ukoo wa akina E. coli unaongezeka, na sumu zao zinaweza kuvuja hadi kwenye damu. Ndiyo maana wodini wanahangaika mgonjwa ale ndani ya saa 24 za kwanza, hata kwa mrija.

Shoga yangu hakuungua kiasi hicho. Kwake daktari alinyooshea kidole ule mfuko wa nailoni. Vidonge havichagui, vinaua wabaya na wema pamoja, na wanaobaki ni wale sugu. Siku hizi madaktari hawashauri kumpa aliyeungua antibayotiki za kumeza eti kwa kujikinga tu. Zinatolewa maambukizi yakionekana, na ukiandikiwa, tumia kama ulivyoelekezwa.

Halafu mama mkwe naye! Alipiga marufuku mayai, maharage na samaki, eti vinaleta usaha. Jamani! Mwili unaojenga ngozi mpya unataka protini kuliko siku zote, na maharage hayo hayo ndiyo chakula cha bakteria wema. Mtindi kwa mtu aliyeko nyumbani na anayekula vizuri hauna neno. Lakini vidonge vya probayotiki kwa aliyeungua vibaya au mwenye kinga dhaifu, muulize daktari kwanza, kwani bakteria hao hai wanaweza kuingia kwenye damu.

(Kabla sijasahau: aliyemfikia wa kwanza alimpaka dawa ya meno. Usithubutu. Ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, basi. Barafu hapana.)

Shemeji aliniuliza swali moja kwa aibu: "Nikimgusa si nitamwambukiza?" Kidonda kikiwa wazi, nawa kwa sabuni na usikiguse ovyo. Ngozi ikishafunga, mguse. Kovu la kuungua sana limepoteza tezi za mafuta na jasho, kwa hiyo linakauka na kuwasha, na bakteria waliozoea kuishi kwa mafuta yale wanakosa makazi. Linataka losheni isiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, kwa miezi, na kukingwa na jua. Kazi hiyo nani anaiweza kuliko mtu wa chumbani?

Juzi nimepita tena. Kochi lipo tupu, shoga kavaa blauzi ya mikono mifupi. Kugombana bado wanagombana: eti bwana anapaka losheni nyingi mno, shuka zote zimeingia madoa.