Kijana hajawa mvivu, bado anaumwa

Sauti zimeacha kumsumbua na usiku analala. Lakini kijana anashinda chumbani, haogi mpaka asukumwe, akiulizwa anajibu neno moja. Majirani wanasema amepona ila amekuwa mvivu, na mama mwenyewe ameanza kuamini.

Madaktari huziita dalili hasi za skizofrenia: hamu, maneno na hisia hupungua. Haloperidoli, ambayo wazazi wengi wameiona kwenye cheti cha hospitali, hutuliza sauti na hofu kwa kuzuia kazi ya dopamini kwenye ubongo. Huu ukimya hauugusi sana.

Ndiyo maana watafiti wamekuwa wakijaribu njia nyingine, vipokezi vya sigma. Hizi ni protini zilizo kwenye seli, zilizotajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976, na mwanzoni zilidhaniwa kuwa ndugu wa vipokezi vya mofini. Sivyo. Haloperidoli yenyewe huvishika kwa nguvu, na hilo liliwafanya wajiulize: vikilengwa makusudi itakuwaje? Dawa za mwanzo, kama rimkazoli, hazikufika madukani.

Iliyokaribia zaidi ni roluperidoni ya kampuni ya Minerva Neurosciences ya Marekani, inayozuia kipokezi cha sigma-2 na kimoja cha serotonini. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 244 walifuatiliwa kwa wiki 12, na dalili hasi zilipungua kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jaribio kubwa lililofuata halikufikia lengo lake kuu. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuiidhinisha. Hoja yake mojawapo hata mzazi angeiuliza: wagonjwa waliitumia bila dawa zao za kawaida, sasa zikitumika pamoja?

Kwa hiyo atakayemwambia mzazi kwamba anayo dukani, asimpe hela. Na dawa za sasa zisikatishwe kimyakimya eti zinamlegeza. Sauti zinaweza kurudi. Daktari aelezwe, maana ukimya huo unaweza kuwa ugonjwa, sonona, au dozi kubwa mno, na kila kimoja kina tiba yake.

Nyumbani, kazi moja ndogo kwa saa ileile kila siku inasaidia kuliko mahubiri: kumwagilia mchicha, kununua mkate. Siku akioga bila kuambiwa, mama aiandike. Kliniki ijayo daktari atataka kujua hata hilo.