Fremu nyeusi na fremu ya ng'amba

Haya wadau, leo siasa zipumzike kidogo. Nataka tuongee juu ya rangi za fremu za miwani. Najua kuna watakaocheka, lakini mimi rangi ya fremu imeshaninyima habari.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipimwa macho, nikatengenezewa miwani, nikaitia kwenye droo karibu mwaka mzima. Siku moja nikakaa viti vya nyuma kwenye mkutano na waandishi, wakarusha tarakimu ukutani, mimi 3 nikaiona 8. Kesho yake ikatoka hivyo hivyo gazetini, na kesho kutwa tukaomba radhi. Mhariri wangu hakufoka. Aliuliza tu, "Kijana, miwani yako iko wapi?" Ilikuwa nyumbani, kwa sababu fremu yake ilikuwa ya waya, rangi ya fedha, na mtaani walishaanza kuniamkia kwa utani: "Shikamoo babu!"

Basi nikarudi dukani, safari hii nikachukua nyeusi, nene, ya plastiki. Muuzaji aliisifu kwa sababu ya maana: sisi tusioona mbali lenzi zetu ni nyembamba katikati na nene pembeni, kwa hiyo fremu nene huficha ule unene. Sababu yangu mimi ilikuwa nyingine. Nilitaka kuonekana mtu mzito.

Na nilionekana kweli. Walinzi waliokuwa wakinikagua kitambulisho mbele na nyuma wakaanza kunifungulia geti. Mama yangu aliponiona akasema, "Mwanangu, sasa umekuwa mzee wa kanisa," na kwake hiyo ni sifa. Tatizo likaja nilipotumwa soko la samaki pale Feri kuandika juu ya bei. Kila meza niliyosogelea, mazungumzo yanakatika. Dada mmoja akaniuliza waziwazi, "Kaka, wewe wa manispaa?" Nikasema mimi mwandishi. Akanitazama usoni, akaendelea kukaanga samaki wake. Nilirudi ofisini na kauli mbili tu, zote za viongozi wa soko. Labda kosa lilikuwa daftari, labda viatu. Lakini nilienda tena wiki mbili baadaye, na daftari lile lile na viatu vile vile, miwani nimeiweka mfukoni, wakaongea. Shida ni kwamba sasa nilikuwa siwaoni vizuri!

Magazeti ya mitindo yana majibu mepesi: nyeusi ni ukali, kahawia ni upole, nyekundu ni uchangamfu. Mimi nakataa. Hebu mkumbuke picha za Patrice Lumumba: fremu nyeusi nzito juu, chini waya mwembamba. Aliuawa Januari 1961 akiwa na miaka 35, na mpaka leo miwani ile inasema ujana, usomi na ukombozi. Halafu mtazameni Mobutu, aliyeitawala nchi ile ile kutoka 1965 mpaka 1997, naye na fremu yake nyeusi nene chini ya kofia ya chui. Rangi ni moja. Kinachotutisha kwa mmoja na kutuvutia kwa mwingine ni yale tunayoyajua juu ya mvaaji. Wale mama wa Feri nao hawakuogopa weusi wa plastiki. Waliwakumbuka watu wote wenye miwani ya namna ile waliowahi kufika mezani kwao, na sidhani kama walikuja kununua samaki.

Tena ule ushauri kwamba nyeusi inapiga kelele usoni umeandikwa kwa kuangalia nyuso nyeupe. Juu ya ngozi kama yangu nyeusi inatulia, na inayopiga kelele ni nyeupe au ile ya plastiki angavu isiyo na rangi. Ukiwa na jedwali la rangi kutoka Ulaya mkononi, simama kwanza mbele ya kioo, tena mlangoni penye mwanga wa jua, maana taa za dukani zinadanganya.

Sasa hivi navaa ya kahawia yenye mabaka ya manjano, ambayo wenzetu wa pwani wataitambua mara moja: rangi ya ng'amba. Zamani fremu za namna hii zilitengenezwa kwa gamba la kasa huyo, na gamba hilo ni bidhaa ya pwani yetu tangu zama za Rhapta, kama miaka 2,000 iliyopita. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1977, na ninayovaa mimi ni plastiki tupu. Mzee mmoja wa Feri alipoiona aliomba kuishika, akaigeuza, akaanza kunisimulia ng'amba walivyokuwa wakinaswa nyavuni utoto wake. Tulizungumza karibu saa nzima, na bei za samaki akanitajia bila kuulizwa.

Dukani kulikuwa na nyekundu moja nzuri sana, nayo niliiacha. Nilijiambia nitafanana na msanii wa bongo fleva, nikimuuliza waziri swali la bajeti atacheka. Nilivyokwisha kuandika haya yote naona ule ulikuwa woga mtupu. Mshahara ukitoka nitapita kuijaribu tena.