CHUPA MOJA, MACHO KUMI

Leo sikushika kalamu kusimulia hekaya, bali kutoa maoni juu ya jambo linalotuhusu sote hapa Amu, nalo ni matone ya macho. Maoni yangu ni haya: dawa ya macho aliyoandikiwa mtu mmoja isigeuzwe mali ya nyumba nzima. Na sisi wanafunzi, tunaotumwa dukani kila siku, tuwe wa kwanza kuikomesha tabia hii.

Nina sababu ya kusema hivyo. Bibi yangu alipasuliwa mtoto wa jicho, akaona vizuri, tukamshukuru Mungu. Alipewa kichupa cha matone yenye dawa mbili ndani yake: antibiotiki ya kuua bakteria, na steroidi ya kutuliza wekundu na uvimbe. Aliambiwa ayatie kwa majuma machache, kisha aache. Lakini matone yale yalimpoza. Kila jicho lilipomwasha kwa vumbi au moshi wa jikoni, aliniita, "Mjukuu wangu, twaa kichupa hiki, ukaninunulie kingine, mato yaniwasha." Nami mbio! Muuzaji hakuuliza karatasi ya daktari, mimi nami sikuuliza kitu. Miezi ikapita.

Mapema mwaka wa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipozuka Dar es Salaam na baadaye Mombasa, nasi nyumbani tuliamka asubuhi moja kope zimegandana kwa tongotongo. Kichupa cha Bibi kikatuzunguka sote watano. Chupa moja, macho kumi! Tulidhani twajitibu, kumbe twaambukizana, maana ncha ya chupa ikigusa jicho bovu hubeba uchafu hadi jicho jingine. Tena ugonjwa ule ulikuwa wa virusi. Antibiotiki haiui virusi, na steroidi hupunguza nguvu za jicho za kupigana navyo. Kwa kawaida macho ya aina ile hupoa yenyewe kwa wiki moja au mbili, ukiyasafisha kwa maji safi na kunawa mikono.

Sisi tulipona. Bibi hakuwa na bahati hiyo. Mnajua vichochoro vyetu: punda akija, wajibanza ukutani apite. Bibi akawa hawaoni punda wanaotokea ubavuni. Hakuwa na maumivu yoyote, basi tukasema ni uzee. Alipopelekwa kupimwa, presha ya jicho ilikuwa imepanda, na daktari akaeleza kwamba steroidi ikitumiwa muda mrefu bila kupimwa huweza kuleta hivyo. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo huumia pole pole, kuanzia kuona kwa pembeni. Kilichopotea hakirudi. Dawa atiayo sasa ni ya kulinda kilichobaki. Na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa!

Je, dawa hii ni mbaya? La hasha! Baada ya upasuaji huzuia uvimbe na maambukizi. Ubaya ni kujitilia ovyo. Mtu aliyechomwa jichoni na jani la mnazi huweza kupata kidonda cha kuvu, na mwingine ana virusi vya malengelenge ya mdomoni vilivyoingia jichoni. Hao wakitia steroidi wenyewe, wekundu hupungua huku kidonda kikila kioo cha jicho. Wajiona wapona, kumbe waangamia.

Najua wengine watanipinga. Watasema, "Kutoka Kizingitini au Siyu hadi hospitali ya mjini Amu ni safari ya mashua na nauli juu, dukani ni hapa tu." Ni kweli, wala siwacheki. Lakini basi anza kwa muuguzi wa zahanati ya karibu. Na dukani, kuuliza si bei: Dawa hii ina steroidi? Nitie mara ngapi, kwa siku ngapi? Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga au likiona ukungu, usingoje, panda mashua.

Na aliyeandikiwa ayatie ipasavyo. Nawa mikono kwanza. Inua uso, vuta kope ya chini, dondosha tone moja bila ncha kugusa jicho. Funga jicho, bonyeza pembe ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kama una dawa nyingine ya jicho, ngoja dakika 5. Usizidishe siku ulizopewa wala usikatize kabla ya wakati. Andika tarehe uliyofungua chupa. Kwa kawaida wiki 4 zikipita, itupe hata kama imebaki nusu.

Waswahili husema, mwenye macho haambiwi tazama. Basi leo ukifika nyumbani, tazama kile kichupa kilichowekwa kidakani. Kilifunguliwa lini, na ni cha nani?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu