Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wagonjwa wa moyo nao wapewe wenzao

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: WAGONJWA WA MOYO KUPATIWA WASHAURI WALIO WAGONJWA WENZAO

Mheshimiwa Waziri,

Naanza na ombi lenyewe, maana najua barua ndefu hukomea kwa katibu muhtasi. Naomba kila kliniki ya moyo na presha, kuanzia hospitali ya wilaya, iwe na angalau mgonjwa mmoja aliyefundishwa, mwenye kitambulisho na posho, ambaye kazi yake ni kukaa na wagonjwa wenzake. Wanaoishi na VVU wanao watu wa namna hiyo siku nyingi, kule kliniki za tiba na matunzo (CTC) huwaita WAVIU washauri. Sisi wa moyo hatuna.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Utotoni niliugua mafindofindo kila mara, magoti yakavimba, nyumbani wakasema mtoto anakua. Kumbe ilikuwa homa ya baridi yabisi, inakula valvu za moyo. Ukubwani nikapasuliwa Dar es Salaam na kuwekewa valvu bandia, ile ambayo wenyewe tunaiita ya chuma. Kwa upasuaji sina lalamiko. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, watu ambao zamani wangesubiri rufaa ya India wanafunguliwa kifua Upanga na kurudi kwao wakitembea. Hilo ni jambo kubwa na atakayelibeza hakuwahi kusubiri. Ila upasuaji ni wa siku moja, na kulazwa ni kwa siku za kuhesabika. Miaka yote inayofuata mtu anaugulia jikoni kwake, kwenye duka la dawa la mtaani kwake na kitandani na mwenzi wake, na huko daktari bingwa hafiki.

Chukua warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwenye valvu ya chuma anaimeza maisha yake yote. Ikizidi mwilini anavuja damu. Ikipungua damu inaganda kwenye valvu, au bonge linakimbilia ubongoni na mtu anapooza. Kipimo cha INR ndicho kinachoonyesha tumesimama wapi. Wengi wetu tunatakiwa tuwe kati ya 2 na 3, wengine juu kidogo kulingana na valvu yenyewe na ilipowekwa. Kipimo hicho hakipatikani kila hospitali ya wilaya. Treni ya SGR imetupunguzia adha ya kukifuata sisi wa Morogoro mjini, lakini mgonjwa wa Mahenge bado analala njiani ili akatobolewe kidole.

Daktari hueleza haya akiwa na foleni mlangoni. Anasema, “Uwe mwangalifu na mboga za majani,” na anasema kweli, kwa sababu vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa. Mgonjwa anasikia “acha mboga.” Anarudi nyumbani, hagusi mchicha, matembele wala kisamvu. Hali yetu wenyewe Waziri unaifahamu: ukiondoa mboga ya majani kwenye ugali wa mtu wa kipato changu, kinachobaki ni chumvi. Wiki zinapita, uvumilivu unamshinda, anakula kisamvu siku nne mfululizo na kipimo kinaporomoka. Kwenye faili anaandikwa kuwa hafuati masharti.

Niliwahi kumsikia mama mmoja wa makamo, mwenye valvu kama yangu, akimsomesha kijana kwenye benchi la kliniki. “Nani kakwambia uache mboga? Kula, mwanangu. Ila iwe kiasi kilekile wiki hadi wiki, usile sinia leo kesho ukafunga.” Kisha akamgeukia vizuri. “Na tumbo likikuvuruga unameza nini?” Kijana akajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu: Flagyl, si ipo dukani? Mama akashika kichwa. Akamwambia Flagyl inaipandisha warfarini, Septrin vilevile, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki vinaweza kumtoa damu tumboni. Kwa hiyo kabla hajafungua mdomo kumeza chochote, amwambie muuza duka anatumia warfarini, na akiona muuza duka hajaelewa, aondoke arudi kliniki. Kijana akatoa simu akaandika. Hapo ndipo nesi alipotoka kumwambia mama apunguze sauti, watu wanafanya kazi.

Simlaumu nesi, alikuwa peke yake na wagonjwa wamejaa hadi kwenye korido. Ninachosema ni kwamba kazi iliyokuwa ikifanyika pale benchini ilikuwa sehemu ya tiba, na aliyekuwa akiifanya hakuwa na cheo, nauli wala ruhusa.

Yapo mengine ambayo hakuna anayethubutu kumuuliza daktari. Valvu ya chuma inalia. Usiku nyumba ikitulia mlio wake unasikika kama saa ya ukutani, na mke au mume asiyeandaliwa anaweza kuhama chumba. Wapo wanaojiuliza kama tendo la ndoa litawaua. Wapo mabinti waliopasuliwa wakiwa wadogo, sasa wamechumbiwa, na hawajui kwamba warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni na kwamba mimba ya kwao hupangwa na daktari kabla haijaingia. Mwanamke aliyepita njia hiyo angemwita binti pembeni siku ya kwanza. Sasa hivi wengi wanajulia labour, kama wanabahatika kujua.

Kwa watoto, mtihani ni sindano. Mtoto ambaye moyo wake umeguswa na homa ya baridi yabisi huchomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, ili homa isirudi kuimalizia valvu. Sindano hiyo inauma haswa. Mtoto akishaanza kucheza mpira, mama anaona amepona na anaacha kumpeleka. Na anayejitahidi naye anaweza kufika kituo cha afya akaambiwa hawachomi dawa hiyo, wanaogopa mtoto asije akazidiwa. Imetokea kwa mwanafunzi wangu, kwenye kituo ambacho hakina haja ya kutajwa, maana hofu hiyo si ya kituo kimoja. Mzazi mwenzake mwenye kadi ya mtoto aliyekwishachomwa miaka mingi angemshika mkono wakarudi wote.

Kuhusu chakula na mazoezi mabango tunayo ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Bango halisemi kwamba kijiko hicho kimeshaisha kwenye ng’onda, kwenye viungo vya paketi vya mchuzi na kwenye chipsi zilizonyunyiziwa mara mbili. Mgonjwa mwenzio anajua ng’onda inalowekwa usiku na maji yake yanamwagwa, na anajua namna ya kumwambia mama mkwe bila kuvunja nyumba. Anajua pia kwamba wengi wetu tumeacha kutembea kwa woga. Ukitembea naye jioni mkizungumza, ukaona pumzi ya kuongea bado ipo, unapata moyo wa kurudi kesho.

Jambo hili si ndoto, Mheshimiwa. Hapo jirani Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2013 Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha vikundi ambamo wenye presha, kisukari na VVU waliotulia walikutana pamoja, wakapimwa, wakapeana habari na kuchukua dawa zao bila kupanga foleni ya siku nzima. Na Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé wakapitisha mkakati wa PEN-Plus, wa kushusha tiba ya magonjwa sugu makali, moyo wa baridi yabisi ukiwemo, hadi hospitali za wilaya.

Kuna watakaosema mkiwakutanisha wagonjwa watadanganyana. Watadanganyana kweli, na wameshaanza. Makundi ya WhatsApp ya wagonjwa wa moyo yapo tele, na katika ninayoyajua hazipiti siku mbili bila mtu kuuza unga wa “kuzibua mishipa” au kushauri watu waache vidonge wanywe kitunguu saumu na tangawizi. Mgonjwa aliyefundishwa ndiye anayeweza kusimama humo akasema hapana na akasikilizwa. Yeye hataandika dawa wala kubadilisha dozi, na hilo liandikwe kwenye mwongozo wake kwa herufi kubwa.

Kuhusu fedha, naomba tusirudie kosa la wenzetu wa VVU. Posho za washauri wao nyingi ziliegemea miradi, na fedha za Marekani ziliposimamishwa Januari 2025 tuliona kilichotokea. Hii iwekwe kwenye bajeti ya halmashauri, ndiyo sababu nakala ya barua hii inakwenda TAMISEMI. Serikali ilizindua mwanzoni mwa 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotarajiwa kuzidi 137,000. Katika idadi hiyo, watengewe nafasi wagonjwa wa moyo na presha waliokwisha kuijua njia. Mafunzo yatolewe na wataalamu wa Taasisi ya Moyo, ambao tayari huwa wanakuja mikoani kwa tiba mkoba. Wakiongeza siku moja ya kutufundisha sisi, watakuwa wameacha mtu nyuma yao.

Siku ya Moyo Duniani ni tarehe 29 Septemba. Huwa tunapimwa presha bure viwanjani, tunapewa fulana, tunapiga picha na mgeni rasmi. Mwaka huu naomba mgeni rasmi aje na waraka wa kuanzisha kazi hii, hata kama ni kwa mkoa mmoja wa majaribio. Morogoro tuko tayari, na yule mama wa benchini nitamtafuta mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu, mgonjwa wa valvu
Morogoro

Nakala: Waziri wa Nchi – TAMISEMI