Kodi yetu inakatwa mbele tuishike: tuonyeshwe inaenda wapi

Kila mwisho wa mwezi, mu nyumba nyingi za Kolwezi na Likasi, mama anashika karatasi ya mushahara wa baba na kuuliza: «Huyu IPR ni nani? Juu ya nini anakula kila mwezi mbele yetu?» Tunacheka, lakini ulizo ni la kweli.

IPR ni kodi ya mushahara. Mucuruzi anaweza kubishana na mutu wa DGI, tena anaweza kufunga butike akimuona anakuja. Sisi wa mine hapana. Kampuni inaikata yenyewe, kisha inapaswa kuilipa mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tumekwisha kulipa mbele hata ya kununua unga wa bukari.

Kwanza tuseme lenye liko mu mikono yetu. Sheria inapunguza kodi hiyo asilimia 2 kwa kila mutu unayemulisha, muke na watoto, mpaka watu 9. Ku sendika tumepokea ndugu mwenye muke na watoto sita, lakini alihesabiwa kama kijana asiyeoa. Karatasi za kuzaliwa hazikufika ku biro ya personeli. Alilipa hivyo miaka mitatu, hakuna aliyemurudishia hata falanga moja. Angalia karatasi yako leo jioni.

Lakini lenye kutuuma zaidi ni lingine. Mawe tunayotoa nayo inalipa. Kwa Sheria ya Mines ya 2018, kampuni inalipa Leta redevansi ya asilimia 3,5 kwa shaba. Kobalti, tangu Novemba 2018, ni asilimia 10. Nusu inaenda ku Kinshasa, 25 ku provensi, 10 ku mufuko wa vizazi vyenye kuja, na 15 ku komini, sekta ao sheferi kwenye mine iko. Hesabu ni rahisi: kama redevansi ni dola milioni moja, komini inapata 150.000.

Zamani makuta yote ilipitia kwanza ku Kinshasa, na huku tulingojea kurudishiwa mpaka tunazeeka. Sasa kampuni inatia fungu la komini moja kwa moja ku konti ya komini. Kwa hiyo ile maneno ya «Kinshasa haijatuma» imekufa.

Basi, mu komini moja kwenye wengi wetu tunaishi, tuliuliza: mwaka uliopita muliingiza ngapi? Walituambia tuandike barua. Tukaandika. Wakasema mukubwa iko ku misheni. Ile misheni ingekuwa imezunguka dunia. Wakati ule watoto wanasoma wakikaa juu ya matofali, na mama wananunua maji kwa bido.

Ndugu wengine wanatuambia sendika ishugulikie mishahara, iachie wanasiasa mambo ya komini. Hatukubali. Tulipigania nyongeza, tukaipata, na ile nyongeza yote imekwisha ku maji na ku materniti ya bei. Komini ikifanya kazi yake, huo pia ni mushahara.

Wengine wanasema ripoti za ITIE ziko, kila kitu kimeandikwa ndani. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini ni kurasa na kurasa za Kifaransa, na ku kite ni nani mwenye kuzisoma?

Sisi tunaomba karatasi moja tu, kwa Kiswahili, ku ukuta wa biro ya komini kila miezi mitatu: kampuni gani ililipa, tarehe gani, ngapi, na ilifanya nini. Kampuni nayo ibandike karatasi yake ku mulango wenye tunaingilia kazini. Tutasoma ile, tutasoma hii, tutalinganisha.

Barua ya kuomba iko tayari, inangojea sinyature. Jumamosi, kisha posti ya asubuhi, tunakutana mu kiwanja nyuma ya kantini. Kila mutu alete karatasi yake ya mushahara. Na bamama waje, juu wao njo walianza kuuliza.