Je, Yafaa Kuuza Shamba la Kahawa ili Kwenda Kusoma Norwei?

Wasomaji wenzangu, liko neno lililoenea sana siku hizi kutoka Hima hadi Mpondwe, nalo ni hili: mtoto akimaliza kidato cha sita atafutiwe chuo katika nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Norwei, Uswidi, Ufini, Denmark au Iceland. Huko, wasema watu, masomo ni bure na kazi ni tele, na mwanafunzi hujilipia mwenyewe kwa kufanya kazi jioni. Kwa ajili ya neno hili wako wazazi wanaofikiri kuuza shamba la kahawa mlimani, au kuliweka rehani, ili wapate fedha za tiketi na fedha za kuonyesha benki. Mimi napenda kusema wazi tangu mwanzo kwamba shamba lisiuzwe. Mtoto na aende kama njia ipo, lakini shamba lisiuzwe.

Kwanza tuulize habari hii ya masomo ya bure ilitoka wapi, maana si uwongo mtupu. Zamani ilikuwa kweli. Denmark ilianza kuwatoza ada wanafunzi wasiotoka Ulaya mwaka 2006, Uswidi ikafuata mwaka 2011, na Ufini mwaka 2017 kwa masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza. Norwei ndiyo iliyokaa muda mrefu bila kututoza kitu, hadi mwaka 2023 ilipobadili sheria. Tena Norwei ilikuwa na mpango wake mwema tangu mwaka 1994, ambao uliwachukua wanafunzi wa nchi kama yetu, ukawapa sehemu ya fedha kama zawadi na sehemu kama mkopo. Na yule aliyerudi kwao baada ya masomo alifutiwa deni lake. Mpango huo ulifungwa mwaka 2016. Basi mzee anayesema kwamba mtoto wa fulani alisoma Bergen bila kulipa hata senti, asema kweli, ila ni kweli ya wakati ule. Mlango ule umekwisha fungwa, na habari za kufungwa kwake hazijapanda mlima.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa sisi ni watoto wa shule na hesabu tumefundishwa. Katika vyuo vingi vya Norwei ada imekuwa kroni 130,000 kwa mwaka na kuendelea. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 40 za Uganda. Zaidi ya hiyo, serikali hutaka mwanafunzi aonyeshe kwamba anazo kroni zaidi ya 150,000 za matumizi ya mwaka mmoja, nayo haisemi hivyo kwa ukali, bali kwa sababu maisha ya huko ni ghali kiasi hicho. Kibali chake humruhusu kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Tuseme amepata kazi ya kusafisha ofisi kwa kroni 230 kwa saa. Hizo ni kroni 4,600 kwa juma. Akifanya kazi majuma 50 bila kuugua hata siku moja, atapata kroni 230,000, kabla ya kodi. Toa 150,000 za chumba, chakula na nauli, zimebaki 80,000. Ada ni 130,000. Pengo ni kroni 50,000 kila mwaka, tena nimemhesabia ada ya chini. Likizoni huruhusiwa kufanya kazi kutwa nzima, lakini hata ukiziongeza saa hizo, kodi ikisha kukatwa pengo halizibiki.

Na hiyo kazi yenyewe haimngojei uwanja wa ndege. Mwenye duka wa Oslo hutaka mtu anayesema Kinorwei, na mwenye hoteli pia. Kinachobaki kwa mgeni asiyejua lugha ni ufagio, na kugawa magazeti alfajiri, na kuosha vyombo usiku. Kazi hizi si aibu, na mtu asizidharau. Lakini mwanafunzi anayezifuata mbio ili azibe pengo la ada ataingia darasani akisinzia, na asipofaulu masomo yake kibali hakifanywi upya.

Wengine hututisha kwa baridi. Hapo mimi nacheka kidogo, kwani sisi Wakonzo tuna neno letu la theluji, nzururu, nalo ndilo lililoupa mlima jina la Rwenzururu. Jambo linalowashinda wengi ni giza, wala si theluji. Katika mji wa Tromsø jua halichomozi kabisa kwa muda wa miezi miwili hivi, tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Mtu aliyezoea jua la Kasese, ambalo hata mbuzi hulikimbia, inafaa alifikirie jambo hilo mapema.

Turudi shambani. Mtu akiuza ekari mbili za kahawa ili mtoto mmoja aende, hajauza mali yake peke yake. Wadogo zake wanne au watano wanasoma kwa kahawa ile ile. Mama aliipanda na kuipalilia, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inakataza ardhi ya familia kuuzwa bila idhini ya mke au mume. Lakini idhini inayotolewa baada ya siku saba za kushawishiwa na wakala ni idhini ya namna gani? Mti wa kahawa ukitunzwa huzaa miaka ishirini na zaidi. Ada ya mwaka wa kwanza huisha kwa mwaka mmoja.

Tena liko jambo la kushangaza hapa. Watu wa nchi hizo tano ni wanywaji wakubwa wa kahawa duniani. Wafini hasa hutajwa kuwa wa kwanza, kiasi cha kilo 10 hadi 12 kwa mtu mmoja kwa mwaka, wala nchi yao haina hata shamba moja la kahawa. Yaani tunataka kuuza kitu ambacho wao hawana na wanakihitaji kila asubuhi, ili twende kuwaoshea vikombe. Kama kijana wa Kyarumba angekwenda Helsinki kujifunza jinsi wachomaji wa kahawa wanavyochagua buni, kwa nini wanailipa hii zaidi na ile kidogo, na ni kasoro gani ya ukaushaji inayoiharibu ladha, huyo angerudi na jambo la kumwambia baba yake. Lakini angehitaji shamba la kurudia.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba tukae chini ya mlima hata tuzeeke. Ninachosema ni kwamba ziko njia ambazo hazili shamba, nazo hazitangazwi na wakala kwa sababu hazimletei kitu. Ya kwanza ni kubadilishana wanafunzi kwa maana yake halisi. Chuo kikuu cha hapa kikiwa na mapatano na chuo cha huko, mwanafunzi hwenda kwa muhula mmoja au miwili, hubaki mwanafunzi wa chuo chake, na hatozwi ada na chuo kinachompokea. Hata Norwei, iliyoweka ada mwaka 2023, haiwatozi wanafunzi wa mapatano hayo. Uswidi ilianzisha mpango wa namna hii, uitwao Linnaeus-Palme, mwaka 2000, na Jumuiya ya Ulaya inao wake uitwao Erasmus+, ambao hutoa nauli na posho ya kila mwezi. Kwa hiyo kijana anayetaka kufika Ulaya kwa usalama yampasa kwanza kuingia chuo kikuu cha hapa na kufaulu vizuri, kisha aulize katika ofisi inayohusika na wageni na mapatano. Ni njia ndefu zaidi, nakubali.

Iko pia njia ya kazi. Norwei ina shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1963 kwa jina la Fredskorpset, na tangu mwaka 2018 laitwa Norec. Shirika hili hubadilishana vijana wa kazi, kama wauguzi na walimu: wa kwetu huenda kwao na wa kwao huja kwetu, kila mmoja akitumwa na mahali anapofanyia kazi, na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Kwa walio shuleni bado, kiko chuo cha UWC huko Flekke, Norwei, kilichofunguliwa mwaka 1995, ambacho wanafunzi wake huchaguliwa na kamati za nchi zao na wengi husaidiwa gharama. Na aliyekwisha pata digrii ya pili ajue kwamba katika nchi hizo anayesomea udaktari wa falsafa mara nyingi huajiriwa na kulipwa mshahara.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Iceland, kwa kuwa unatuhusu sisi wa Kasese. Tangu mwaka 1979 nchi hiyo ndogo imekuwa ikiwafundisha watu wa nchi nyingine namna ya kutumia joto la ardhini. Mafunzo ni ya miezi sita. Mtu hajiombei mwenyewe. Huteuliwa na ofisi anayofanyia kazi, hulipiwa, hujifunza kwa kutumia maswali ya nchi yake, kisha hurudi kazini kwake. Wakenya waliopita hapo ni wengi kuliko taifa lolote jingine. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini huwapa Wakenya kiasi cha sehemu 40 hivi katika kila 100 za umeme wao. Nasi tunao mvuke wetu Katwe, karibu na ziwa la chumvi. Wataalamu wa Uganda na wa Iceland walipapima mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini mpaka leo hakuna hata taa moja iliyowashwa kwa joto lile. Hapo pana swali la kwenda nalo Reykjavik. Na mto Nyamwamba, uliofurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe, ni swali jingine la kwenda nalo Norwei, kwa watu waliozoea kuishi chini ya milima na kuipima mito yake.

Rafiki yangu mmoja alinipinga kwa kusema: nafasi hizo ni chache mno, na tukizingojea watakwenda wawili tu katika shule nzima. Ni kweli, ni chache. Hao wawili watakwenda bila deni, na sisi wengine tutasoma Mbarara, Fort Portal au Kampala kwa fedha za kahawa, na mapatano ya vyuo hivyo yatatukuta huko huko.

Ila kwa kuwa najua mawakala wataendelea kuja, naomba jambo moja kwa wazazi wa Bwera. Karatasi ya wakala ikifika nyumbani, mtoto mwenyewe aisome kwa sauti mbele ya baba, mama na wadogo zake, kwa Lukonzo, pamoja na ule mstari wa ada ulioandikwa kwa herufi ndogo; kisha wakala aulizwe papo hapo ni nani atakayelipa mwaka wa pili.