Mlezi wa nyumbani apate wapi mwongozo wa janga?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya umma ya kimataifa, ikiwa ni zaidi ya miaka mitatu tangu tangazo la Januari 30, 2020. Siku hiyo, Mkoa wa Kagera ulikuwa bado chini ya tahadhari ya ugonjwa wa Marburg, ambao Serikali iliutangaza Machi 21, 2023 na kutangaza kumalizika kwake Juni 2 mwaka huo. Watu tisa waliugua na sita kati yao walifariki dunia. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo ndugu wa familia moja pamoja na watoa huduma za afya. Januari 2025 Marburg ilithibitishwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo.

Magonjwa haya mawili hayaambukizwi kwa njia moja. UVIKO-19 husambaa kwa hewa na matone ya mate; Marburg huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Hata hivyo, kwa mtu anayemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani ndugu yake mwenye kiharusi au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, swali ni lile lile: anapoambiwa akae mbali, afanyeje?

Swali hilo lilijitokeza mapema sana mwaka 2020, na mahali lilipoandikwa kwa kina kuliko pengine ni Marekani, katika nyumba moja ya kulelea wazee mjini Kirkland, jirani na Seattle. Hadi kufikia Machi 18, 2020 wachunguzi wa afya walikuwa wamebaini watu 167 walioambukizwa wenye uhusiano na nyumba hiyo: wakazi 101, watumishi 50 na wageni 16. Takribani theluthi moja ya wakazi hao walifariki dunia. Uchunguzi ulitaja sababu zilizochangia kusambaa kwa maambukizi. Wapo watumishi waliofanya kazi wakiwa na dalili za ugonjwa, na wapo waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Vifaa kinga na vitakasa mikono havikutosha, na baadhi ya watumishi hawakuwa na mazoea ya kuvitumia.

Msomaji akiitazama orodha hiyo kwa makini ataona kwamba sehemu kubwa yake inahusu hali ya kazi ya mlezi. Mtumishi wa ujira mdogo anayezunguka nyumba mbili kwa siku hafanyi hivyo kwa kutojua usafi. Anatafuta kipato kinachotosha. Wengi katika kazi hiyo nchini Marekani ni wahamiaji, wakiwemo Waafrika Mashariki, na zipo familia hapa nchini zilizofuatilia habari hizo kwa wasiwasi kwa sababu binti au kaka yao alikuwa kazini.

Machi 13, 2020 mamlaka ya shirikisho inayosimamia mipango ya bima ya Medicare na Medicaid iliagiza nyumba za wazee kote nchini humo zizuie wageni wote, isipokuwa katika hali chache kama vile mkazi anapokaribia kufariki. Agizo hilo lilieleweka kwa mazingira ya wakati ule. Kasoro yake ilionekana baadaye: neno "mgeni" lilimjumuisha pia mke aliyekuwa akifika kila mchana kumlisha mumewe mwenye ugonjwa wa kusahau. Mwongozo mpya uliotolewa Septemba 17, 2020 uliruhusu ziara za nje ya majengo, na ukataja waziwazi kwamba ziara ya huruma inamhusu pia mkazi aliyezoea kuhimizwa kula na ndugu yake na ambaye sasa anapungua uzito. Ilichukua miezi sita kwa sentensi hiyo kuandikwa. Katikati ya kipindi hicho, Juni 2020, ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya ya nchi hiyo ilimaliza malalamiko kutoka jimbo la Connecticut kwa makubaliano kwamba mgonjwa mwenye ulemavu anayehitaji msaidizi hospitalini aruhusiwe kuwa naye.

Kwa hospitali zetu jambo hili si dogo. Ndugu wa mgonjwa katika wodi zetu ndiye anayeleta uji, anayefua mashuka na, mara nyingi, anayemgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulalia. Akizuiwa getini bila mtu wa kushika nafasi yake, kazi hiyo haifanywi na yeyote.

Uingereza ilijifunza upande mwingine wa suala hili. Katika majira ya kuchipua ya 2020, wagonjwa waliruhusiwa kutoka hospitalini na kupelekwa katika nyumba za matunzo bila kupimwa kwanza. Sharti la kuwapima lilikuja katikati ya Aprili. Aprili 27, 2022 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sera hiyo haikuwa halali kwa vile haikuzingatia hatari ambayo mtu asiye na dalili angeweza kuwaletea wakazi wazee. Hata hivyo nchi hiyo hiyo, ilipopanga foleni ya chanjo, iliwaweka walezi wasiolipwa, yaani wanafamilia wanaomlea mzee au mtu mwenye ulemavu, katika kundi la sita la kipaumbele kwa sababu ya kazi yao ya ulezi.

Hapa nchini, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo dhidi ya UVIKO-19 Julai 28, 2021 kwa kuchanjwa hadharani. Makundi yaliyotangulizwa yalikuwa watumishi wa afya, watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea na wenye magonjwa sugu. Baadaye huduma ikafunguliwa kwa wote waliotimiza umri wa miaka 18. Uamuzi wa kumtanguliza mzee ulikuwa sahihi. Lakini mjukuu wa miaka 22 anayemhudumia mzee huyo usiku na mchana hakuwa na nafasi yake katika orodha ya mwanzo, ilhali ndiye anayetoka kwenda sokoni na kurudi kumshika mkono.

Tofauti hii inatokana na namna matunzo yalivyopangwa. Serikali inaendesha makazi ya wazee, yakiwemo Nunge ya Kigamboni, Funga Funga ya Morogoro, Kolandoto ya Shinyanga na Bukumbi ya Mwanza, lakini makazi hayo ni kwa wazee wasio na ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ikaonesha kuwa asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Hakuna idadi ya makazi ya Serikali inayoweza kulingana na hitaji la ukubwa huo. Walezi wa Tanzania wako majumbani, hawana mwajiri wala mafunzo, na hakuna daftari linaloonesha walipo.

WHO ilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi katika taasisi za matunzo ya muda mrefu Machi 21, 2020. Siku tano baadaye ilitoa waraka mwingine kuhusu watu wenye ulemavu. Waraka huu wa pili ulizungumza na kaya. Ulishauri kuwa vifaa saidizi kama viti mwendo, magongo na fimbo nyeupe visafishwe mara kwa mara, hasa sehemu zinazoshikwa. Ulitaka mtu anayetegemea mlezi aandae mapema wengine wa kumsaidia iwapo mlezi wake ataugua, na ulitaka walezi wapatiwe vifaa kinga na habari zitolewe kwa njia ambazo viziwi na wasioona wanaweza kuzipata. Kwa maoni ya mwandishi, waraka huo mfupi uliyafaa mazingira yetu kuliko ule wa kwanza, ambao ulidhani yupo msimamizi wa zamu, stoo ya barakoa na chumba cha kumtenga mgonjwa.

Ujumbe wa jumla uliotolewa kwa umma, hapa na kwingineko, ulikuwa mfupi na wazi: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, kaa umbali wa mita moja, kohoa kwenye kiwiko. Ulifanya kazi yake kwa walio wengi. Lakini asiyeona huongozwa njiani kwa kushika kiwiko cha anayemwongoza, kiwiko kile kile kilichopendekezwa kwa kukoholea. Kiziwi anayesoma midomo hakuweza kufanya hivyo mbele ya barakoa. Kwa mtu asiyeona na asiyesikia, kugusana ndiyo lugha yenyewe, hivyo umbali wa mita moja ulimaanisha kunyamazishwa. Mambo haya yangeweza kuonekana mapema kama wahusika wangekuwa mezani wakati maneno yanachaguliwa, na sisi tulio katika kazi ya habari hatujivui lawama.

Katika upande wa mafunzo, Marekani ilijaribu njia inayostahili kuangaliwa. Kwa kutumia mfumo wa ECHO ulioanzia Chuo Kikuu cha New Mexico, watumishi wa nyumba za wazee waliunganishwa kwa video kila wiki, kwa wiki 16, na wataalamu wa vyuo vikuu. Hawakuhutubiwa tu. Walileta mikasa yao, mfano mkazi mwenye ugonjwa wa kusahau asiyekubali kuvaa barakoa na anayetembea chumba hadi chumba, na jibu likatafutwa kwa pamoja. Waraka uliotumwa kwa barua pepe haumjibu mlezi anapouliza.

Tanzania haihitaji mitambo ya aina hiyo ili kupata faida yake. Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliozinduliwa Januari 2024, unawaweka vijijini na mitaani watu wanaozitembelea kaya na wanaoweza kulipokea swali la mlezi na kulirudisha na jibu. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba ulezi wa mtu asiyejiweza umo katika yale wanayofundishwa na katika taarifa wanazokusanya.

Liko pia suala la nani anaandika mwongozo. Mwaka 2020 afya na wazee vilikuwa chini ya wizara moja. Januari 2022 wizara hiyo iligawanywa: Wizara ya Afya ikabaki na tiba na kinga, wazee wakawa chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Masuala ya watu wenye ulemavu yako Ofisi ya Waziri Mkuu, na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri wako chini ya TAMISEMI. Mgawanyo huo una sababu zake za kiutendaji. Hata hivyo bibi wa miaka 80 aliyepoteza uwezo wa kuona anaangukia katika dawati zote nne, na mwongozo wa mlezi wake unaweza kusubiri kila dawati likidhani jingine limeshauandika. Wakati mzuri wa kuafikiana ni kipindi ambacho hakuna mlipuko.

Kwa familia zinazolea, yapo yanayoweza kufanyika bila kusubiri. Dawa za mgonjwa na saa za kuzitumia ziandikwe kwenye karatasi inayosomeka na mtu mwingine. Sabuni, glavu na barakoa viwekwe pale anapohudumiwa badala ya kufungiwa kabatini. Mlezi mwenye homa au kikohozi apumzike na mwingine ashike nafasi, na panapotajwa ugonjwa wa mlipuko katika eneo, dalili zozote ziripotiwe kwa namba 199, ambayo hupigwa bila malipo, kabla ya kuendelea kumgusa mgonjwa kwa mikono mitupu. Ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri ndiye wa kuonwa ili kaya ifahamike. Jambo la kwanza la kumweleza ni jina la mlezi wa pili, na kama hayupo, aelezwe hivyo.